Nyumba Tulivu kwa Ajili ya Moti

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa Mandir, mchana wa sherehe za maadhimisho

  

Tumepewa nusu saa. Katibu ametuonya kwamba chakula kitakuwa tayari saa saba kamili, na sisi wa dukani tunajua kwamba anayesimama kati ya watu na chakula hupoteza wateja. Tutajitahidi.

Tuliombwa tuzungumze juu ya huduma, ile tuiitayo seva. Huenda wengi walitazamia tutaje saruji na mabati yaliyoingia katika jengo hili, kwa kuwa ndiyo biashara yetu. Hayo yamo katika vitabu vya mweka hazina, na huko yakae. Sisi tunaomba ruhusa tuwasimulie habari za mbwa mmoja mzee, na za miezi tuliyohangaika kumtafutia mahali pa kulala. Wengi wenu mlimjua. Alikuwa akilala pale langoni, kwenye kivuli cha mwarobaini, na sikio lake moja lilikuwa limepinda. Jina lake Moti, yaani lulu, ingawa rangi yake ilikuwa ya gunia.

Moti hakuzaliwa mtaani. Alikuwa mbwa wa nyumba moja ya jamii yetu, kule njia ya kwendea Raskazone, na aliilinda kwa miaka tisa. Familia ile, ambayo hatutaitaja, ilihamia Leicester kuwafuata watoto wake. Siku ya kuwaaga tulikuwapo. Tuliwavika mashada ya maua. Mbwa alikuwa amefungwa chini ya mwembe, akitazama masanduku yakipakiwa garini. Tukauliza, “Na huyu je?” Tukajibiwa kwamba mlinzi ameachiwa fedha za kumlisha miezi mitatu. Tukasema vema, tukaendelea kula bhajia. Tunalieleza hili mapema ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba twamlaumu aliye mbali hali sisi tuliokuwa karibu tuna mikono misafi. Na kwa haki yao, kumpeleka mbwa Uingereza kutoka huku kwetu si kama kumpakia begi. Sharti awekwe alama ya kielektroniki chini ya ngozi, achanjwe kichaa cha mbwa, apimwe damu, kisha ingojwe miezi mitatu baada ya damu kutolewa. Kwa mbwa wa umri ule, na kwa watu waliokwisha kuuza hata vitanda vyao, pengine ilikuwa kazi isiyowezekana. Lakini kuna umbali mrefu kati ya kumchukua na kumwacha chini ya mwembe, na katika umbali huo ndimo tulimokuwa sisi marafiki.

Miezi mitatu ikaisha. Nyumba ikauzwa, mlinzi akarudi kwao, na Moti akaja hapa kwa miguu yake. Hakuja kwa kubahatisha. Bibi wa familia ile, kabla ya kuondoka, alikuwa akifika kila alfajiri kwa ibada ya aarti, na mbwa humngoja langoni. Basi alirudi kumngoja pale pale. Wenye kuja alfajiri mtakumbuka: kila alipopita mwanamke aliyevaa sari nyeupe, mbwa alisimama.

Tulimwita daktari wa mifugo. Alimfungua kinywa, akamwangalia meno, akasema ana miaka kumi au zaidi. Alimtoa kupe ambao hatukuwahesabu. Alimchanja. Kisha akatufundisha mambo ambayo sisi, tulioishi na mbwa wa kulinda ghala kwa miaka thelathini, hatukuyajua, kwa sababu mbwa wetu wa ghala hawakupewa nafasi ya kuzeeka. Alituonyesha ukungu wa buluu machoni, akasema huo si lazima uwe upofu; mbwa mzee huona mchana, ila jioni huwa na mashaka. Alipiga makofi nyuma ya kichwa chake, Moti hakugeuka. Alimbonyeza nyonga, akalia kidogo. Akasema viungo vyake hukakamaa asubuhi na kulegea akishatembea, na kwamba kucha zimerefuka kwa sababu hatembei vya kutosha kuzisugua chini.

Mama wa nyumbani kwetu alikuwa na vidonge vyake vya magoti mkobani. Akauliza kwa wema kabisa kama ampe kimoja. Daktari akamshika mkono. Dawa tunazomeza sisi kwa maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, zaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Na alipouliza mbwa anakula nini, tukamwonyesha kwa fahari sinia la prasadi: ladu, na shiro iliyojaa zabibu kavu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema zabibu, mbichi au kavu, zaweza kuua figo za mbwa, wala hakuna ajuaye mapema ni mbwa yupi atakayedhurika. Chokoleti vilevile, na vitunguu. Kwa majuma mawili waumini walikuwa wakimgawia baraka zilizoweza kumwua. Siku ile tulibandika karatasi langoni: Tafadhali usimpe mbwa tamu ya aina yoyote.

Hapo likazuka suala la nyama, kwa maana mbwa si mla majani, na katika uwanja huu nyama haiingii. Kamati ilikaa. Ilikubaliwa apewe wali na maziwa na dengu zisizo na kitunguu. Ndivyo kumbukumbu za kikao zinavyosema. Mlinzi wetu wa usiku alikuwa akimchemshia dagaa nje ya ukuta, na pua zetu zilijua, lakini hakuna kikao kilichoitishwa kwa ajili ya pua.

Hivyo ndivyo alivyokaa kwetu. Sasa ndugu zangu, sote tulimpenda, na hakuna mahali pabaya zaidi kwa mbwa yule kuliko hapa tulipompendea. Mandir ni mahali pa kengele. Ni mahali pa dholi na vipaza sauti, magari ya harusi na watoto mia mbili wanaokimbia. Mtu hudhani mbwa asiyesikia jina lake hatasumbuliwa na kelele. Si kweli. Hasikii sauti ndogo, ila mshindo huupata kifuani na miguuni kama sisi tunavyoipata ngoma. Katika siku tisa za Navratri, vijana walipokuwa wakicheza garba hadi usiku wa manane, Moti alikuwa chini ya tangi la maji akitetemeka, ulimi nje, hali hapakuwa na joto. Usiku wa Diwali fataki zilipoanza alitafuna lango la chuma, akavunja jino, akatoka.

Hatukumwona siku mbili. Aliyemgundua si mmoja wetu. Ni watoto wa madrasa waliomsikia akikoroma ndani ya mfereji, chini ya daraja dogo. Hawakumrushia mawe. Walimwita mwalimu wao, mwalimu akamwita mzee mmoja jirani yetu, ambaye yumo ukumbini humu na ametukataza tusimtaje jina, na mzee yule akaja kutugongea.

Baada ya siku chache alirudi kwa mazungumzo. Alikunywa chai, akauliza hali za watoto wote mmoja mmoja, kisha akasema, “Bwana, yule mzee mwenzetu pale langoni hapamfai, wala sisi hatufai.” Akaeleza kwa upole. Njia ile ndiyo wapitao watu wa swala ya alfajiri. Kwa madhehebu ya Shafii inayofuatwa na wengi pwani yetu, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Moti, kwa kuwa haoni vizuri, huja kunusa kanzu ajue ni nani. Mzee anayenuswa saa kumi na moja alfajiri hana budi kurudi nyumbani. “Hatumchukii,” alisema. “Mbwa wa Watu wa Pango alilala kizingitini pao miaka yote ile, na kisa chake kimo katika Kurani. Lakini pale palikuwa kimya.”

Sisi tukamsimulia kisa chetu, mnachokijua tangu utotoni. Yudhishthir alipopanda milima katika safari yake ya mwisho, mkewe na ndugu zake walianguka njiani mmoja baada ya mwingine, akabaki yeye na mbwa aliyewafuata. Indra akamletea gari la mbinguni, akamwambia mbwa haingii. Yudhishthir akakataa kupanda. Ndipo ilipodhihirika kwamba mbwa yule alikuwa Dharma mwenyewe. Tukacheka, mzee na sisi: vitabu viwili, mbwa wawili. Lakini alipoondoka hatukucheka tena. Kisa kile tumekisimulia kwa watoto katika ukumbi huu kwa miaka mingi, na mwaka ule tulikisimulia kwa kipaza sauti, mbwa akiwa chini ya tangi.

Basi tukamchukua nyumbani kwetu. Tunakaa juu ya duka, na kuna ngazi ishirini na mbili. Tulimbeba kupanda, tulimbeba kushuka, mara nne kwa siku, na sisi wenyewe nyonga zetu ni za umri ule ule. Tulimtandikia gunia kwenye ukumbi wa nyuma. Siku ya sita mjukuu wetu wa miaka minne alimkuta amelala, akamkumbatia kwa nyuma. Moti aligutuka, akamng’ata mkono.

Jeraha lilikuwa dogo. Hata hivyo tuseme tulivyofanya, kwa maana wengi hupaka kitunguu au mafuta na kungoja. Tulimwosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa, mtoto akilia na bibi yake akilia zaidi. Kisha tukaenda hospitali siku ile ile. Mbwa alikuwa na cheti cha chanjo, lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na kwa hiyo hakipewi nafasi ya kubahatisha. Mtoto alichanjwa. Mbwa aliangaliwa siku kumi. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa mzee asiyesikia aliyeshikwa usingizini, na nani kati yetu hajapiga kelele kwa hilo?

Lakini mwanetu alisema, “Baba, ama yeye ama watoto.” Wako walioona amekuwa mkali. Sisi hatukuona hivyo. Nyumba yenye watoto wanne wadogo haiwezi kuwa kimya kwa amri, na mbwa yule hakuweza kuwa kijana kwa mapenzi. Hapakuwa na mwenye kosa. Palikuwa na nyumba isiyomfaa.

Sasa tunafika mahali tunapopaona haya. Rafiki yetu mmoja ana yadi ya malori nje ya mji. Alikuwa akitafuta mbwa wa kulinda. Tulimwambia tunaye mbwa mzoefu, mpole kwa wenyeji, aliyelinda nyumba miaka tisa. Kila neno lilikuwa kweli. Juu ya masikio hatukusema. Juu ya macho hatukusema. Tulikuwa tumechoka, na mtu aliyechoka akimpata wa kupokea mzigo wake huwa haulizwi maswali wala hayaanzishi. Siku ya nane wezi waliingia, wakachukua betri mbili za lori, wakapita kando ya Moti aliyekuwa amelala. Rafiki alimrudisha. Hakupandisha sauti. Alisema tu, “Ungeniuzia saruji iliyoganda ningekuletea mfuko.” Shingoni mwa mbwa palikuwa na alama mbichi ya mnyororo.

Tumekuwa dukani tangu tulipomaliza kidato cha nne, na tulifundishwa na marehemu baba yetu kwamba kasoro ya bidhaa hutajwa kabla ya bei. Tuliisahau kanuni hiyo kwa sababu bidhaa ilikuwa ya bure.

Wako waliotushauri sindano ya mwisho. Hatuwabezi; daktari mwenyewe alituambia kwamba siku hiyo huweza kufika na ikifika si ukatili. Lakini akasema, anakula, anatembea, anatikisa mkia akiona sahani. Mbwa huyu hana ugonjwa wa kufa, ana ukosefu wa mahali. Wako pia waliosema tujenge. Babu zetu walikotoka, Kathiawar, kuna panjrapole, yaani nyua za kutunzia ng’ombe wazee na wanyama waliojeruhiwa, na ni jambo la heshima kuu kuzichangia. Katika kikao kimoja ahadi zilitolewa nyingi kuliko tulivyotegemea. Tuliziomba zirudi mifukoni kwa wakati ule. Nyua kama hizo ni njema, na siku moja mji wetu utakuwa nayo. Lakini ua wenye mbwa arobaini wanaobweka ni Diwali ya kila siku kwa mbwa kama Moti. Yeye alihitaji nyumba ya mtu mmoja au wawili, na kuitafuta hiyo hakukuhitaji mchango, kulihitaji kuuliza. Ni rahisi kwetu kufungua mkoba. Mlango ni mzito zaidi.

Basi tuliandika tangazo, kwa Kiswahili na kwa Kigujarati, tukalibandika kwenye ubao wa Mandir na kwenye mlango wa duka letu. Tutalisoma lilivyokuwa:

“Anatafutiwa nyumba mbwa dume mzee, umri miaka kumi au zaidi. Hasikii vizuri. Jioni haoni vizuri. Hawezi ngazi. Hafai kulinda, wezi wamempita. Hafai nyumba yenye watoto wadogo; alimng’ata mmoja alipoguswa usingizini. Huamka usiku mara moja au mbili kutoka nje. Amechanjwa. Anataka mahali pakavu, chakula laini mara mbili kwa siku, na ukimya. Matibabu na chanjo tutalipa sisi maisha yake yote. Akishindikana, tutamfuata siku yoyote bila lawama.”

Katibu alilisoma akacheka hadi akavua miwani. Akasema katika miaka yake yote hajaona muuzaji akiitukana bidhaa yake namna ile. Majuma matatu yakapita bila mtu. Moti alikuwa amelala bohari letu la mabati, mahali penye kelele za chuma, na kila jioni tulijiuliza kama ukweli wetu haukuwa umemfungia mlango wa mwisho.

Mnamjua kijana anayetuletea kabichi, karoti na mapeasi kutoka Lushoto kwa ajili ya jiko la Mandir. Alilipiga picha tangazo lile kwa simu, kwa kuwa lilimchekesha, akaenda nalo mlimani. Juma lililofuata tulipigiwa simu na mama mmoja wa upande wa Soni, muuguzi mstaafu, mjane, ambaye mbwa wake alikuwa amekufa miezi michache kabla. Hakuanza kwa kusema anamtaka. Alianza kwa kuuliza.

“Mzee, hulalia ubavu gani? Akiamka usiku, huzunguka au huenda moja kwa moja mlangoni? Huogopa wanaume au wanawake? Huogopa fimbo, hata ya mkongojo? Hunywa maji kiasi gani kwa siku? Choo chake kikoje? Akitaka kutoka hufanya nini? Alikuwa akiitwaje na aliyemlea? Na sauti gani bado anaisikia?”

Kati ya maswali tisa tuliweza kujibu matatu. Miezi mitano tulikuwa tukimhurumia mbwa yule, na hatukujua hulalia ubavu gani. Tulikwenda kumtazama. Mlinzi wetu wa usiku, yule wa dagaa, alijua yote. Hulalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa nyonga ya kulia ndiyo imuumayo. Haogopi mtu, huogopa mnyororo ukilia. Akitaka kutoka husimama akakuangalia, basi. Na sauti anayoisikia ni mluzi mwembamba. Tulimpa mlinzi simu, wakazungumza wao wawili kwa dakika ishirini, nasi tukasimama kando kama wapambe.

Mama yule aliweka masharti yake. Aletwe na mtu anayemjua, wala si kwa lori la kabichi. Asipewe chakula asubuhi ya safari. Gunia lake la kulalia liletwe lile lile, lisifuliwe. Mama wa nyumbani kwetu, ambaye alikuwa amekwisha kumnunulia blanketi jipya, aliliona jambo hilo kuwa aibu ya ukoo mzima, kupeleka gunia linalonuka kwenye nyumba ya watu. Tulipeleka vyote viwili.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, sisi, mlinzi, na Moti kwenye kiti cha nyuma. Muheza, Segera, Korogwe, alilala. Mombo tulipoanza kupanda alitapika, na katika kona za mlima akatapika tena, ingawa tumboni hamkuwa na kitu. Soni kulikuwa na ukungu na baridi. Nyumba ni ndogo, ina kizingiti kimoja tu kifupi, na ua wa miti hai pande zote. Hapakuwa na sauti ila maji mahali fulani bondeni.

Tulidhani atampapasa, kama watu wanavyofanya. Hakumgusa. Alitukaribisha chai, akalitandika gunia mahali penye jua, kisha akakaa kwenye kigoda amempa mbwa mgongo, akaanza kumenya viazi. Alimenya karibu saa nzima. Tulipojaribu kumwita Moti amsogelee alituashiria tunyamaze. Mbwa alizunguka ua, akanusa kila shina, akakojoa mahali pengi kuliko ilivyokuwa lazima, akaja akasimama nyuma yake. Yeye akaendelea kumenya. Mbwa akajilaza, kwa ubavu wa kushoto, pua yake karibu na kisigino chake.

Tulikubaliana majuma mawili ya majaribio, bila aibu kwa upande wowote. Mlinzi ndiye aliyeshindwa kuaga. Alikwenda kungoja garini. Kila baada ya siku mbili mama yule alitupigia simu na kutusomea daftari aliloliandika kama taarifa za wodini: amekula chote, amekula nusu, usiku ameamka saa nane, amerudi mwenyewe, amebweka mara moja, kwa bata. Siku ya tano alisema, “Hajala, na analitazama lango.” Hatukulala. Siku ya saba alikula. Juma la tatu lilipoanza tuliuliza kama tuje kumchukua au vipi. Akasema, “Mje kumchukua nani? Mgeni amekwisha kuhamia.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka tunapanda na daktari kwa chanjo yake, na daktari huwachanja na mbwa wa majirani wa mama yule kwa gharama yetu. Hilo halikuwa katika tangazo, lakini mama yule ana namna yake ya kuuliza. Tunampelekea mchele. Yeye hutupatia mapeasi. Dagaa hununua mwenyewe, na katika jambo hilo tunaendelea kutojua kitu.

Hapa kwetu Kamati imeamua, nanyi mmeliona tangazo, kwamba fataki zitapigwa nusu saa tu, katika uwanja wa wazi mbali na nyumba, na saa yake itatangazwa juma moja kabla ili mwenye mbwa, mbuzi, mtoto mchanga au mgonjwa ajiandae. Vijana walinung’unika. Mzee jirani yetu alituambia mbuzi wake wanashukuru.

Jambo la mwisho, maana tunaiona harufu ya chakula ikiingia. Usiku wa Diwali iliyopita, fataki zilipokuwa zikiendelea kule uwanjani, simu yetu ililia. Ni mama wa Soni. Alitutakia heri ya sikukuu, akauliza, “Hizo ndizo?” Tukamwambia ndizo, na hizo ni chache. Akasema, “Ngoja basi, Mzee, usikate.” Tukasikia hatua zake, tukasikia mlango, kisha simu ikawekwa chini mahali fulani. Tuliziba sikio la pili kwa kidole, tukainama nyuma ya gari. Moti alikuwa akikoroma.